Tope Halizai Kaa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja mjomba wangu Shabani aliponipa dodoki na kuniambia nisugue matumbo ya kaa kama ninavyosugua masufuria. Nilikuwa msichana mkubwa, sijaolewa, na mikono yangu ilikuwa myepesi. Kaa akinibana leo, kesho hanipati. Nikachuchumaa pwani, tenga la kaa upande huu, ndoo ya maji upande huu, nikaanza kusugua. Sikuuliza kwa nini. Ninyi wa siku hizi mnauliza kila kitu, nami nawapenda kwa hilo, maana kuuliza si ujinga. Sisi mkubwa akisema sugua, tulisugua.

Lakini nimetangulia mno. Mimi unayeniona hapa Chumbageni, nimekaa kwa binti yangu naletewa chai na mahamri, si mtu wa mjini. Naitwa Riziki. Nimezaliwa kijijini, pande za Mtang'ata, mahali ambapo bahari hunyoosha mkono na kuuingiza ndani ya mikoko. Mkono huo twauita hori. Maji yakijaa, hori linafika karibu na minazi. Yakipwa, linabaki tope jeusi, mizizi, na mashimo ya kaa. Mama yangu aliolewa Muheza, akaniacha kwa mama yake, Bibi Mwajuma, na Bibi Mwajuma alinilea kwa kaa. Kanga niliyojifunga ilitokana na kaa, na mchuzi wa kaa wa nazi ndio ulioikuza mifupa hii.

Bibi alikuwa na chuma kirefu kilichopinda ncha. Alikiingiza shimoni polepole, akisikiliza kwa kiganja, na kaa akikishika tu, anamvuta nje, anamkanyaga gamba kwa kisigino, anamfunga magando kwa ukindu. Alinifundisha kumgeuza kaa chali na kumtambua. Dume, kifuniko chake cha tumboni ni chembamba kama ncha ya mkuki. Jike, chake ni kipana na cha mviringo, kama kawa dogo la kufunikia chakula. Alijua kaa yupi amenona na yupi mtupu kwa kumbonyeza tu. Mambo ya kaa Bibi aliyajua yote, isipokuwa moja, na hilo hakuna aliyelijua kijijini: kaa anatoka wapi.

Tulikuwa tukiambiwa kwamba kaa huzaliwa na tope. Usicheke. Fikiri nawe ungesema nini. Mayai ya kuku tuliyaona, ya samaki tuliyaona, hata ya kasa mchangani. Lakini kaa aliyebeba mayai hakuna mwanamke aliyepata kumtoa shimoni, tangu bibi wa bibi. Tope tuliliona, na siku moja kaa wanakuwamo ndani yake. Basi tukasema tope ndilo mama, na mama huyo hachoki kuzaa, kwa hiyo chukua utakavyo.

Siku hizo akaja mnunuzi mmoja kutoka mjini na pikapu. Hakutaka kaa wowote tu. Alitaka majike makubwa, mazito, yaliyojaa mafuta mekundu ndani. Mjomba Shabani, kaka wa mama yangu, alikuwa mtu wa akili na bidii, na usije ukamdhania vibaya, kwani tulipokosa unga ni yeye aliyetuletea. Alikwishaona kuwa nyakati za bamvua, maji yanapopwa sana, kaa wakubwa hutelemka na mkondo kuelekea mlangoni mwa hori. Akakata fito, akawakusanya vijana wa ukoo, wakajenga uzio kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, na katikati wakaweka chumba cha kunasia. Hakuna kaa aliyeweza kutoka hori lile kwenda baharini bila kupita mikononi mwa Mjomba.

Msimu wa kwanza ulikuwa neema tupu. Majike yalijaa matenga mpaka wakakosekana watu wa kuyafunga. Nyumba za makuti zikapata bati. Mimi mwenyewe nilipata godoro la kwanza maishani mwangu. Mjomba alipopita njiani watu walimwamkia wakiwa mbali.

Kisha mambo yakaanza kupungua, kidogo kidogo, kama maji ya mtungi wenye ufa. Bibi alikuwa akiondoka na kapu alfajiri na kurudi nalo jepesi. Alizunguka mikokoni siku nzima, akachokoa mashimo yaliyokuwa yakimpa kaa tangu ujana wake, akayakuta matupu. Hakumlaumu mtu. Alisema tope limechoka.

Sasa turudi kwenye dodoki. Miongoni mwa majike yaliyonaswa uzioni, mengine yalikuwa na mayai nje, yamebandikana chini ya kile kifuniko kama shada. Wanawake wa mikokoni hatukuwahi kuyaona kwa sababu jike akishayatoa mayai yake hakai tena shimoni. Huyo anaelekea baharini. Na penye mkondo, mlangoni mwa hori, hapakuwa mahali pa wanawake; sisi mwisho wetu ulikuwa mikoko ya ukingoni. Wanaume nao waliyaona, wakasema ni uchafu wa bahari uliomganda kaa, au ugonjwa. Mnunuzi hakuyataka, na ndiyo maana nikapewa dodoki.

Nikasugua. Mengine yalikuwa na rangi ya chungwa la Muheza lililoiva, mengine yamekuwa ya kahawia, na machache yalikuwa meusi kama mbegu za mchicha. Hayo meusi ndiyo yaliyonisimamisha mkono. Niliyaweka kwenye ukucha wangu, nikayatazama juani. Ndani ya kila punje mlikuwa na vijidoa viwili, na vile vijidoa, wallahi, vilikuwa macho.

Siku hiyo pikapu haikuja. Tuliambiwa imeharibika njiani. Nikamchukua jike mmoja mwenye mayai meusi, nikampeleka nyumbani, nikamtia kwenye beseni jeupe la Bibi pamoja na maji ya bahari, nikalifunika kwa ungo. Sikuwa na hesabu yoyote kichwani. Nilitaka tu kuyaona yale macho tena.

Kulipokucha nikafunua. Jike alikuwa ametulia, na tumbo lake safi, hakuna hata yai moja. Nikadhani mayai yamedondoka. Nikainama, nikaona maji yenyewe yanacheza. Yalikuwa yamejaa vumbi, lakini vumbi lenye uhai, linaruka, linapinduka, linakimbilia upande uliopigwa na jua. Nikaziba jua kwa ukingo wa kanga. Vumbi lote likahama, likafuata mwanga ulikobaki.

Nikamwita Bibi. Akaja na chuma chake mkononi, alikuwa akijiandaa kwenda mikokoni. Akainama kwa muda mrefu. Akatia ncha ya kidole, vikakimbia. Akaketi chini, palepale penye majivu, akasema neno moja tu.

"Kumbe."

Nikamtoa yule jike, nikamwacha jikoni, nikabeba beseni mpaka pwani, kwa Mjomba. Nilikwenda kwa furaha, mwanangu, kama mtu anayepeleka habari ya mtoto kuzaliwa. Wanaume walikuwa wengi pale, wanatengeneza uzio. Nikamweleza Mjomba kwamba ule uchafu ni mayai, na mayai yameanguliwa, na hawa ni watoto wa kaa, na majike tunayoyanasa yalikuwa yanakwenda baharini kuzaa, na uzio ndio unaoyazuia. Mjomba akatazama, wenzake wakatazama. Mmoja akasema hivi ni viluwiluwi vya mbu, hata mtungini mwake nyumbani vimo. Wakacheka wote. Mjomba hakucheka sana. Alikuwa na haraka, na mnunuzi alikuwa akimngoja. Akalishika beseni, akalimwaga mchangani, akaniambia niende nikapike.

Niliviona vikikauka juu ya mchanga. Nilirudi nyumbani nalia njia nzima, nikaingia jikoni, nikawasha moto ili nimchemshe yule jike. Nilitaka habari ile iishe, nisiisikie tena.

Bibi akanikuta hivyo. Sijawahi kukaripiwa kama siku ile, na hakupandisha hata sauti.

"Unalia kwa sababu wamekucheka, au kwa sababu wamekosea?"

Nikamwambia sijui.

"Basi jua kwanza, ndiyo ulie. Kama ni kicheko, kicheko hakijamng'oa mtu jino. Na kama wamekosea, machozi yako hayatawafundisha kitu. Mimi nimeshika kaa maisha yangu yote nikiamini tope linazaa. Leo umenifungua macho nikiwa mkongwe, nami sioni haya. Wewe unataka kulizika jambo hili likiwa hai, kwa sababu ya wanaume wawili watatu waliokuwa na haraka? Toa sufuria hiyo motoni. Futa uso. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Akajifunga baibui lake, akanishika mkono kama mtoto, tukaenda kwa Mzee Kombo.

Mzee Kombo alikuwa mzee wa kijiji chetu. Aliamua mipaka ya mashamba na ugomvi wa ndoa, na sifa yake ilikuwa kwamba hakuna aliyewahi kumharakisha. Tulimkuta barazani kwake anasuka kamba. Habari zilikwishamfikia, pwani hakuna siri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Nasikia umepeleka viluwiluwi pwani."

"Si viluwiluwi, Mzee. Ni watoto wa kaa. Nimewaona."

"Shabani naye ameona, akaona viluwiluwi. Sasa nimwamini nani?"

Mpaka leo sijui jibu lile lilinitoka wapi. Labda hasira ilikuwa haijaisha.

"Usimwamini yeyote, Mzee. Tutazame pamoja."

Akaacha kusuka. Nikamweleza: yachotwe maji mamoja, yagawanywe katika mabeseni mawili yanayofanana. Moja litiwe jike mwenye mayai meusi, lingine lisitiwe kitu. Kama ni mbu, watatokea kote kuwili. Kama ni watoto wa kaa, watatokea mahali alipo mama yao. Mzee Kombo akalisikiliza lile jambo, akalichambua polepole, kisha akaongeza lake: maji atayachota Shabani mwenyewe, na kaa atamchagua Shabani mwenyewe, na mabeseni yatakaa hapa barazani, chini ya macho ya kila apitaye.

Mjomba akaitwa. Akakubali mara moja, kwa kuwa hakuwa na shaka hata chembe. Akasema mbele ya watu kwamba nikishindwa nitamwomba radhi, na habari ya uzio haitatajwa tena. Mzee Kombo akamuuliza, na akishinda? Mjomba akajibu kuwa nikishinda, ataung'oa uzio kwa mikono yake. Kila mtu akayasikia maneno hayo, na neno lililosemwa barazani halirudi nyumbani kulala.

Niliogopa, mwanangu, nisikufiche. Yule ni mjomba wangu. Bati lililotukinga mvua ni lake, na mahari yangu ingepita mkononi mwake. Wanawake wengine wa kijijini walimwambia Bibi kuwa anamharibu mjukuu, nani ataoa msichana anayeshindana na wajomba zake. Bibi akawajibu kuwa atakayemkimbia kwa hilo ni heri akimbie mapema.

Mjomba akachota maji mlangoni mwa hori, akaleta, akayagawa. Akachagua jike, mkubwa, mayai meusi tititi. Mabeseni yakawekwa, yakafunikwa kwa nyungo. Asubuhi iliyofuata, wanaume walipotoka msikitini na jua likachomoza vizuri, Mzee Kombo akafunua.

Hapakuwa na kitu. Maji safi huku, maji safi huku, na jike ametulia na mayai yake tumboni.

Watu wakaanza kunong'ona. Mjomba akasema basi, yamekwisha, mtoto aombe radhi watu wakafanye kazi. Nilitamani tope linimeze. Lakini Mzee Kombo alikuwa anafunika mabeseni yake upya, taratibu, kana kwamba hajasikia.

"Shabani," akasema, "mkeo alijifungua siku uliyopanga wewe?"

Baraza zima likacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Ikaamuliwa maji yabadilishwe kote kuwili, Mjomba achote mengine, na tungoje.

Asubuhi ya pili watu walikuwa wengi zaidi. Wanawake walisimama upande wa pili wa njia. Walikuwapo hata wavuvi wa Kipemba waliokuwa wamepiga dago, kambi yao, pwani kwetu, na mmoja wao alikuwa kijana mwembamba aitwaye Faki. Huyo nilikuja kuolewa naye, lakini siku ile sikumtazama mara mbili. Macho yangu yalikuwa kwenye nyungo.

Mzee Kombo akafunua beseni lisilo na kaa. Maji matupu, mpaka chini unaona ua lililochorwa. Akasogea kwenye la pili. Akainua ungo. Akainama zaidi. Kisha akatugeukia, akaniashiria nije.

Yalikuwa yamejaa, mwanangu. Yalikuwa yamejaa kupita yale ya kwanza. Maji yalikuwa yanachemka bila moto. Nikachukua ukingo wa kanga yangu, nikaziba jua upande mmoja, na viumbe vile vikahama vyote kama watu wanaotoka msikitini, vikaenda kwenye mwanga. Nikaziba upande huu, vikarudi kule. Wazee wakasukumana kama watoto wapate kuona. Kule kwa wanawake kigelegele kikapanda, Bibi akiwa wa kwanza.

Mjomba alikuja mwisho. Akapiga magoti mbele ya beseni. Alikuwa mtu mwenye macho makali, na alitazama kwa haki, hilo namshuhudia. Akamwinua jike, akamgeuza chali, akaona tumbo lilivyo safi. Akamrudisha majini kwa upole ambao sikuwahi kumwona akimfanyia kaa.

"Haya," akasema. "Ni watoto."

Lakini Mjomba hakuwa mtu wa kushindwa kwa nusu hoja. Akasimama, akauliza swali ambalo na mimi sikuwa nimejiuliza. Akasema sawa, wanazaliwa, tena wanazaliwa baharini. Bahari ni kubwa. Tukiyaacha majike yatoke, watoto watatawanyika mpaka Pemba. Sisi wa hori hili tunafaidika na nini?

Nikamtazama Mzee Kombo, naye akanitazama.

Ndipo Bibi Mwajuma akavuka njia. Hakuwa na desturi ya kusema mbele ya wanaume. Akamwambia mwanawe maneno ambayo nayajua kwa moyo.

"Shabani, wewe unamjua kaa akiwa mkubwa. Mimi namjua tangu anapokuwa mdogo kama ukucha, kwa kuwa ni mimi ninayemkanyaga. Miaka yote nimekuwa nikiviona vikaa vidogo, navyo huanza kuonekana mlangoni mwa hori, kwenye mikoko ya ukingoni inayopigwa na mawimbi. Baadaye ndiyo vinaonekana katikati. Huku ndani, kwenye tope zito, sijapata kukuta kaa mchanga hata siku moja. Hapa hufika wakishakua. Sikujiuliza kwa nini. Sasa najiuliza. Tangu lini tope la mlangoni likawa linazaa, na la ndani likawa tasa? Hawa wanatoka baharini, wanarudi nyumbani. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

Faki naye akaomba ruhusa kwa wazee, akasema kwa Kipemba chake kwamba wao huko nje, wakitega nyavu kwenye kina, hunasa majike haya haya ya mikokoni, na matumbo yao yamejaa mayai. Walidhani kaa hao wamepotea njia. Akasema hata kambakoche wa miambani hubeba mayai yake vivyo hivyo chini ya mkia, akiyapepea kwa vimiguu vyake, na kwao wazee wakimkuta hivyo humwachia. Akasema hayo, akarudi nyuma.

Mjomba akauliza panga lake liko wapi.

Maji yalipopwa siku ileile, kijiji kizima kilitelemka mlangoni mwa hori. Mjomba alitangulia, tope mapajani, akakata kamba ya kwanza kwa mkono wake, akang'oa fito la kwanza, akalitupa. Hakungoja kuombwa. Vijana wakafuata. Wanawake, ambao mahali pale hapakuwa petu, tuliingia majini na kanga zetu tukabeba fito, na nyimbo zilizoimbwa siku ile zilikuwa za harusi kwa sababu hatukuwa na nyingine zilizotosha. Yule jike wa barazani Mzee Kombo alinipa mimi nimwachie. Nilimweka kwenye maji ya magoti. Akakaa kidogo, kisha akatelemka na mkondo, akaenda zake kama mwenye nyumba.

Usidhani kesho yake kaa walijaa. Msimu uliofuata ulikuwa mkavu, na watu walinung'unika. Mjomba alirudi kukwea minazi. Hakunikaripia, ila hakuzungumza sana, na mimi nilipita mbele ya nyumba yake nimeinamisha kichwa. Kaa ana subira yake. Hukua kwa kuvua gamba. Gamba likimbana hulipasua, akatoka laini kama ulimi, akajificha mpaka jipya likaze, kwa sababu akikutwa hivyo na wenzake wanamla. Na ikiwa ni jike aliyekomaa, basi dume humchukua mapema chini ya kifua chake, akamlinda. Wakati yule amevua, hapo ndipo huoana, na dume hamwachi mpaka gamba la mkewe limekuwa gumu. Nimewaona kwa macho yangu, na kila kijana wa ukoo huu anayeoa namsimulia habari hiyo kabla sijampa mkono wa heri.

Kisha ikaja siku Bibi aliporudi mbio, na Bibi hakuwa mtu wa mbio. Mlangoni mwa hori, kwenye mizizi ya ukingoni, vikaa vilikuwa vimetapakaa kama mtama uliomwagika. Mjomba alikwenda kuona, akarudi akipita nyumba kwa nyumba akiwaita watu, na alipofika kwetu alinishika kichwa, akaniombea dua. Mwaka mwingine hori likajaa kaa. Likajaa kuliko alivyolikumbuka Bibi katika usichana wake. Kijiji kikaweka amri yake, haikuandikwa popote, na mpaka leo inashika: mlango wa hori haufungwi, na jike mwenye mayai ya nje anarudishwa majini, hata kama ndiye pekee uliyepata.

Siku hizi vijana wa kwetu wanatega vizimba mikokoni, wananenepesha kaa, kila mmoja chumba chake wasilane, na magari ya hoteli za Raskazone yanakwenda kuwachukua. Watu wa vijiji vingine vya pwani wamekuja kujifunza. Mjomba, Mungu amrehemu, aliwapokea wote mwenyewe, akawasimulia. Katika simulizi yake, ni yeye aliyenituma kuleta beseni la pili. Sikumsahihisha hata mara moja. Aliyeng'oa uzio wake mwenyewe ana haki ya kuongeza chumvi kidogo.

Basi mwanangu, nikupe nasaha yangu, uifunge kwenye pindo la nguo yako. Jambo ukiliona kwa macho yako, usilinyamazie kwa kuwa wewe ni mdogo, wala usilipigie kelele kwa kuwa umelikasirikia. Lilete mbele ya watu, liweke juani, na umwache anayekupinga achote maji mwenyewe. Ukichekwa mara ya kwanza, rudi mara ya pili. Ukishinda, usimkanyage uliyemshinda, kwani utamhitaji akushikie fito la upande wa pili. Na lile unalolila kila siku, chambilecho Bibi yangu, jiulize linatoka wapi kabla halijakwisha, si baada. Wazee nao wasikilize, lakini ujue kwamba mzee wa kweli ni yule awezaye kusema "kumbe" bila kuona haya.

Nami nakuombea. Mungu akupe jicho la kuona vidogo, na moyo wa kuvisemea mbele ya wakubwa. Akupe mtu wa kukukaripia siku utakapotaka kukata tamaa. Watoto wako wakienda mbali, awalinde kwenye kina, na maji yanayojaa yawarudishe kwenye mlango wako wakiwa wazima na wengi. Amin, mwanangu, amin.